Japani Ilipohamia Mezani Kwetu

Kama una mtoto wa shule ya msingi, basi ile karatasi inayotoka kwenye begi Ijumaa jioni unaijua. "Mzazi, mtoto wako ataleta kazi ya mikono kuhusu nchi ya mbali. Muda ni wiki 3." Kichwani bado una ya ofisini, jikoni kunakusubiri, na hapo ndipo wengi wetu tunakimbilia kwa mchoraji wa mabango. Mtoto anapata maksi, mchoraji anapata chake, na nchi yenyewe inabaki huko huko iliko.

Binti yetu wa darasa la tano aliangukiwa na Japani. Safari hii baba yake ndiye aliyesema, "Hakuna kununua. Tunatengeneza hapa hapa." Nilimtazama mara mbili! Kusema ukweli, kwa miezi miwili maongezi yetu sisi wawili yalikuwa ni luku, ada na gesi, basi. Kazini kwake walikuwa wanamtaka ahamie Dodoma, na kila suala hilo likiguswa, mmoja wetu ananyanyuka kwenda kuoga. Nikajisemea moyoni, angalau tutakaa meza moja.

Tulianza na mlima Fuji. Maboksi tuliomba dukani kwa Mangi, magazeti ya zamani yalikuwepo, na gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano. Baba mtu akaweka kanuni: sentimita 1 ni meta 100. Fuji yenye meta 3,776 ikafika kama sentimita 38. Binti akagoma, akataka na Kilimanjaro iwepo. Meta 5,895 ni sentimita 59, meza ikawa ndogo, mlima wetu ukahamia kwenye stuli. "Kumbe hata Meru unaipita Fuji!" alisema, akaringa kana kwamba Meru kaijenga yeye. Lakini aliposikia kwamba Fuji ni volkano, na mara ya mwisho ililipuka mwaka 1707, akaiwekea heshima yake.

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya jikoni. Wajapani wana matonge ya wali yanayoitwa onigiri, ambayo watoto wengi hubeba kama chakula cha mchana. Sasa wali wetu wa Mbeya, uliopikwa ukachambuka punje kwa punje, haushikani hata kwa dawa. Ikabidi nipike bokoboko makusudi, jambo ambalo mama mkwe akisikia litazua kikao. Onigiri huzungushiwa mwani mkavu. Binti akauliza, "Si ndio ule wa Zanzibar?" Nikamweleza kwamba akina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani wa aina nyingine, ambao unasafirishwa nje na kutumika viwandani, hata kwenye dawa ya meno. Tulitumia jani la mchicha. Tonge likaliwa.

Kukunja karatasi, ile wanayoiita origami, nilidhani ni kazi yangu. Wapi! Baba watoto, ambaye hata shati hakunji, ndiye aliyetoa korongo wa kwanza aliyesimama. Wakati tunakunja akasimulia habari za Sadako Sasaki wa Hiroshima. Alikuwa na miaka 2 bomu la atomiki lilipodondoshwa tarehe 6 Agosti 1945. Baadaye akapata saratani ya damu, na akiwa hospitali alikunja korongo kwa mamia, kwa sababu kuna imani kwamba ukifikisha 1,000 ombi lako linakubaliwa. Alifariki mwaka 1955 akiwa na miaka 12. Binti yetu hakusema kitu. Aliendelea kukunja, ila taratibu zaidi.

Kazi ya mwisho ilikuwa treni ya kasi, Shinkansen, iliyoanza kati ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964, mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana. Tuliitengeneza kwa boksi za dawa ya meno. Pembeni tukachora saa mbili, maana Japani iko mbele yetu kwa saa 6: hapa ikiwa saa kumi na mbili jioni, Tokyo ni saa sita usiku. Binti akazitazama zile saa, kisha akamgeukia baba yake. "Na Dodoma je? Ukiwa kule, mimi nikienda kulala kule itakuwa saa ngapi?"

Jamani! Hatukuwa tumemwambia hata neno moja kuhusu Dodoma.

Baba yake akajibu, "Ni saa ile ile, mama." Sauti yake haikuwa ya kawaida. Usiku ule mtoto alipolala hakuna aliyekwenda kuoga. Tulibaki pale mezani, katikati ya magazeti na gundi, tukaongea mpaka saa saba. Hofu yangu ilikuwa kubaki peke yangu na kila kitu. Yeye alihofia kuwa mgeni nyumbani kwake. Tukakubaliana aende kwa mwaka 1 kwanza. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu mwaka 2024, kwa hiyo kila Ijumaa atapanda, na simu ya usiku ni kabla binti hajalala, si baada.

Shuleni binti alisimama akaeleza yote bila karatasi. Kilichowachekesha wenzake zaidi ni kusikia kwamba watoto wa Japani nao husafisha madarasa yao wenyewe. Fagio ni fagio!

Wapendanao, nisikilizeni. Kazi ya mtoto ikija, msiipeleke kwa fundi. Gaweni zamu, mmoja akate na mwingine abandike, na simu ziwekwe chumbani. Mlima ukiinama, acheni uiname, maksi 3 hazitamuua mtu. Mikono ikiwa na gundi hakuna wa kunyanyuka haraka, na maneno mliyokuwa mnayakwepa yanaweza kutoka yenyewe. Fuji yetu ipo bado juu ya kabati, imebonyea upande mmoja. Ijumaa hii tunakwenda stesheni kumpokea mtu.