Tulipouza Sabufa, Gari Likaanza Kusikika

Natoa ushuhuda huu nikiwa dereva wa Hiace ya abiria kati ya Kasulu na Kibondo. Ninautoa kwa ajili ya madereva wenzangu wenye gari la tajiri, hesabu ya kila jioni, na hamu ya muziki mzuri bila fedha ya kuununulia. Gari ninaloendesha liliwahi kuwa na kelele kuliko yote pale stendi. Leo abiria wake husikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, na mama mwenye mtoto mgongoni haombi tena tupunguze sauti. Hatukuongeza vyombo. Tuliviondoa vingine, tukavitendea haki vilivyobaki.

Nililipokea gari likiwa limeshafungwa kila kitu: sanduku la sabufa nyuma ya kiti cha mwisho, amplifaya chini ya kiti cha mbele, spika nne darini zikielekea visogo vya abiria. Vijana walilipenda likiwa limesimama. Likishaanza safari, hakuna neno lililoeleweka. Wimbo ulikuwa mdundo mtupu, na mtangazaji akifungua kinywa ulisikia ngurumo tu, hujui anazungumzia bei ya maharage au mkutano wa kijiji.

Mimi nilitaka habari. Nimekulia Makere, katika nyumba ambayo saa ya taarifa ya habari hata watoto tulinyamaza. Ukanda wetu una historia yake na redio. Mwaka 1995, wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi walipokuwa wamejaa kwenye kambi za upande huu wa magharibi, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera kule Ngara. Ilizungumza na watu waliopotezana na jamaa zao, na sisi Waha tuliisikiliza pamoja nao, kwa kuwa Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu na Kiswahili ni cha wote. Kwa mtu aliyekulia hivyo, redio isiyoeleweka ni hasara kubwa.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kwenye redio yenyewe. Hiace zetu nyingi zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, kati ya 76 na 90. Ya kwetu ni 87.5 hadi 108. Sehemu kubwa ya vituo vyetu iko juu ya mahali redio ile inapoishia. Mafundi huweka kidude kidogo kwenye waya wa antena kinachoyashusha mawimbi, hivyo kituo cha 100 unakikuta kwenye 80 au 84, kulingana na kidude chenyewe. Kinafanya kazi, lakini kile cha bei rahisi huleta mchakacho, na vituo viwili vyenye nguvu vikikaribiana huingiliana. Tuliitoa redio ya Kijapani tukaweka ya mtumba inayofika 108, yenye tundu la flashi. Hapo ndipo pesa nyingi kuliko zote ilipokwenda, na siijutii hata shilingi moja.

Fedha hiyo ilitoka kwenye sabufa. Wazo lilikuwa la fundi redio mmoja wa Kasulu, mzee aliyeanza kazi enzi za redio za mbao. Nilimwendea nikiwa nimejiandaa kusikia orodha ya vitu vya kununua. Akazunguka gari, akagonga milango kwa kifundo cha kidole, akaniambia niwashe injini na kuzima redio.

"Kijana wangu, unasikia nini?"

"Injini, mzee."

"Na nini tena?"

Nilipotega sikio nikasikia mengi. Vioo vilitetemeka. Bati la mlango wa kuvuta lilikuwa likiimba. Upepo ulipiga mluzi pembeni ya mpira uliochakaa. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, na kifuniko chake kilikuwa kimepoteza sponji na mpira wote wa pembeni, hivyo muungurumo wake ulipanda moja kwa moja kwenye miguu yetu. Mzee akasema redio yangu inalazimika kupiga kelele ili kuzishinda hizo zote, na kila ninapoongeza sauti, nazo spika zinalitikisa bati zaidi. Akanishauri nimwombe tajiri ruhusa ya kuuza sabufa na amplifaya yake. Tajiri alikubali haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sanduku lile lilikuwa likikaa mahali pa gunia la maharage, na gunia lina nauli yake. Mwenye baa mmoja wa Kibondo akalichukua.

Tukaanza na kuziba. Kifuniko cha injini kilipata mpira mnene wa pembeni na kipande cha zulia zito juu yake. Wengi hujaza sponji ya godoro wakidhani inazuia kelele. Sponji hufyonza mwangwi ndani ya gari, ila muungurumo wa injini unapita humo bila shida. Kinachouzuia ni kitu kizito kisicho na mwanya. Mipira ya milango tuliibadilisha kwa ya mtumba. Hiyo ilizuia upepo pamoja na vumbi, na vumbi letu jekundu tunalijua. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu imeingia kwenye mradi wa lami uliopewa mkopo na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na lami imenisaidia kuliko chombo chochote cha umeme, lakini gari linaloingia vijijini bado linakula vumbi. Chembe hizo hujipenyeza kwenye nafasi nyembamba inamochezea koili ya spika, ikaanza kukwaruza mpaka ikafa.

Kisha milango ya mbele, na hapa ningeomba msomaji asiwe na haraka, kwa kuwa ndipo mabadiliko makubwa yalipotokea kwa fedha ndogo. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inaivuta. Ikiwa pana uwazi unaounganisha mbele na nyuma, hewa iliyosukumwa inakimbilia kule inakovutwa, na besi inafutika kabla haijamfikia mtu. Milango yetu ilikuwa na matundu makubwa ndani, kwa sababu plastiki iliyotoka nayo kiwandani ilichanwa zamani na watengeneza vioo. Spika za milangoni zilikuwa zikifanya kazi bure, ndiyo maana watu wakakimbilia sabufa.

Fundi seremala alitukatia pete mbili za plaiwudi kutoka kwenye mabaki yake. Tukazipaka rangi ya mafuta zisinywe maji, tukaweka chini yake mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu, tukafunga spika kwa skrubu mpaka pasiwe na upenyo. Matundu makubwa ya mlango tuliyaziba kwa vipande vya bati laini, na juu yake utepe wa lami ule wa kuzibia mapaa yanayovuja. Utepe huo ni mzito, kwa hiyo unalinyamazisha na bati lenyewe. Matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango hayazibwi kamwe. Ndiyo yanayotolea maji ya mvua yanayoingia kwenye kioo, na ukiyaziba mlango utaoza.

Spika zenyewe zilikuwa za mtumba, jozi moja ya sh. 35,000, za karatasi ngumu na mpira mzima pembeni. Mzee alizichagua kwa kuzisukuma taratibu kwa vidole, akisikiliza kama koili inakwaruza. Halafu akatoa betri ya tochi. Aligusisha nyaya mbili kwa kitambo kidogo tu kwenye ncha za spika, na ile karatasi ikaruka kwenda mbele. Ncha iliyokuwa upande wa chanya wa betri akaitia alama kwa rangi ya kucha. Akazigeuza nyaya, karatasi ikavutwa ndani. Akafanya vivyo hivyo kwa spika zote za gari, akagundua kuwa mbili kati ya zile za dari zilifungwa kinyume. Nusu ya spika za dari zilikuwa zikisukuma wakati nusu nyingine zikivuta. Tulizigeuza nyaya tu, na sauti ya mtangazaji iliyokuwa imetawanyika gari zima ikakusanyika na kupata mwili. Betri ya tochi moja ilifanya kazi hiyo.

Umeme ulihitaji nidhamu. Waya wa zamani kutoka kwenye betri haukuwa na fyuzi, na ulipita kwenye ukingo wa bati uliokwisha kuukwangua. Ganda likiisha, waya huo unagusa bodi, na gari lililojaa watu linaweza kuwaka. Kwa jambo hili sina upole na mtu yeyote: fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na kila waya unapopita kwenye bati uvishwe mpira. Waya wa hasi tuliufunga kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka kikang'aa. Ule mluzi uliokuwa ukipanda na kushuka kila nilipokanyaga mafuta, ambao ulikuwa ukitoka kwenye alteneta, ukaisha hapohapo.

Kuhusu wati, nitasema kwa ufupi. Redio ya kawaida ya gari, hata kama boksi limeandikwa 50 mara nne, hutoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika. Umeme wa gari na spika za kawaida haviiruhusu kutoa zaidi ya hapo bila msaada. Na ukiongeza wati mara mbili, sikio halisikii mara mbili. Ili lihisi sauti imekuwa maradufu, unahitaji karibu mara kumi. Kwa wati zilezile, kuinyamazisha injini kulitupa zaidi ya ambavyo amplifaya ingetupa.

Mabadiliko kwa abiria yalikuja polepole. Kwanza konda aliacha kupiga mayowe anapouliza nani anashuka Mvugwe. Kisha watu wakaanza kubishana juu ya habari, jambo lisilowezekana kabla kwa kuwa hakuna aliyeisikia. Siku moja bibi mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kliniki alisikia kipindi kuhusu shinikizo la damu, akaniambia, "Mwanangu, usizime kwanza, hayo ndiyo niliyoambiwa na daktari nisielewe." Niliegesha kituoni kwake injini ikiwa imezimwa, tukamngoja mtangazaji amalize. Hakuna abiria aliyelalamika.

Nami mwenyewe nimepona kitu. Nilikuwa nikilala na mlio masikioni kila usiku, leo silali nao. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 muda salama unashuka hadi saa nne. Dereva anayepiga muziki wa kutikisa vioo anazimaliza saa hizo nne kabla ya Jumatatu jioni, na konda wake pia, ambaye mara nyingi ni kijana mdogo.

Limebaki jambo moja. Kiti cha nyuma kabisa bado hakisikii maneno vizuri mvua inapopiga bati, na kuongeza sauti ya mbele kungewaonea wanaokaa mbele. Mzee ananishauri nizishushe zile spika za dari, niweke ndogo mbili ubavuni mwa kila safu, zipige taratibu karibu na kila mtu. Plaiwudi ninayo. Nasubiri msimu wa maharage uongeze abiria, halafu nitanunua hizo spika moja moja.