Mungu Mwenye Meno

Miungu mingi ya kale iliabudiwa bila kuonekana. Sobek wa Misri alionekana kila siku. Aliyekwenda mtoni kuchota maji, kufua au kuvua samaki angeweza kumkuta ukingoni, ametulia, macho nusu yamefumba, na wapo waliokwenda wasirudi. Wamisri walimchonga akiwa na mwili wa mtu na kichwa cha mamba, wakamjengea mahekalu, wakawapa watoto wao majina yenye jina lake ndani. Watu walioweza kujenga piramidi walipata wapi moyo wa kumsujudia mnyama aliyewala jamaa zao?

Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na wengi tukifika kwa Sobek huishia kwenye kustaajabu. Tunawacheka watu wa kale, tunafunga kitabu. Mimi kadiri ninavyomfikiria mungu huyu ndivyo ninavyoona kwamba watu wale walikuwa wanakabiliana na swali ambalo kila mmoja wetu analo nyumbani kwake: ufanye nini na kitu cha hatari usichoweza kukifukuza?

Misri bila Nile ni jangwa. Kila mwaka mto ulifurika, ukashuka, ukaacha tope jeusi lililootesha ngano na shayiri. Maji hayo hayo ndiyo yaliyoleta mamba. Hakuna mkulima aliyeweza kuomba tope lije peke yake. Ndiyo maana Sobek alikuwa mungu wa nguvu na wa rutuba kwa pamoja. Nadhani pia walikuwa wamemchunguza vizuri mnyama mwenyewe, kwa sababu mamba jike, mayai yakishaanguliwa, huwabeba watoto wake kinywani hadi majini. Meno yanayovunja mfupa wa ng'ombe humshika mtoto bila kumkwaruza.

Ngome kuu ya Sobek ilikuwa Fayum, bonde lililo magharibi mwa Nile linalopata maji kwa mkono wa mto uitwao Bahr Yussef. Mji mkuu wa huko uliitwa Shedet, na Wagiriki walipokuja wakauita Crocodilopolis, mji wa mamba. Firauni Amenemhat III wa nasaba ya 12 alijenga sana katika eneo hilo. Muda mfupi baada yake, karibu mwaka 1800 KK, kiti kilikaliwa na Sobekneferu, mwanamke wa kwanza ambaye ushahidi wa kutawala kwake kama firauni kamili hauna utata. Jina alilosimama nalo mbele ya wanaume lilibeba jina la mungu mwenye meno.

Hata hivyo Wamisri hawakuwa na jibu moja. Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari zao katika karne ya 5 KK, anasema watu wa Thebes na wa ziwa la Moeris huko Fayum walifuga mamba mmoja mmoja, wakamvika hereni masikioni na bangili miguuni, na akifa wakamkausha kwa dawa na kumzika kwa heshima. Anasema pia kwamba watu wa Elephantine, kusini, walimla. Karne kadhaa baadaye mwanajiografia Strabo aliandika kuwa wenyeji wa Dendera waliwachukia mamba na kuwasaka popote walipo. Mto ulikuwa mmoja na mnyama alikuwa mmoja. Huku alivikwa dhahabu, kule alitiwa chunguni.

Nyumbani kwetu mamba huyo ni presha ya mama yangu. Alipoambiwa hospitalini hakubisha, wala hakujilaza kitandani kungoja siku yake. Kila alfajiri baada ya swala anajipima kwa kimashine chake, anaandika namba daftarini, anameza kidonge, kisha anakwenda kufungua genge lake la mboga. Jirani mmoja alipomshauri aachane na vidonge, alimjibu, "Mwanangu, huyu nampa chake asubuhi, ili siku nzima ibaki yangu." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo ya namna ya kuishi na mamba. Anayekana hatari huliwa siku asiyotarajia. Anayeizungumzia kutwa, akaipangia safari zake zote na ndoto zake zote, amekwisha liwa tayari. Kati ya hao wawili pana nafasi nyembamba ya mtu anayeipa hatari haki yake na kuinyima kilichobaki.

Ugumu ni kuilinda nafasi hiyo, maana hofu ikishazoea kulishwa hupata wahudumu wanaoishi kwayo. Strabo alipofika Crocodilopolis, wakati Misri imekwisha kuwa chini ya Roma, mwenyeji wake alimpeleka ziwani akiwa na andazi, nyama ya kuchoma na kinywaji cha asali. Makuhani wakamfungua mamba kinywa, wakamtia andazi, kisha nyama, kisha wakammiminia kinywaji. Mnyama akajitosa majini akavuka ng'ambo. Mara akatokea mgeni mwingine na sadaka yake, makuhani wakazunguka ziwa mbio kumfuata mamba aliyekwisha shiba. Hapo ibada ilikuwa imegeuka maonyesho, na sioni kama mamba alikuwa na faida kubwa ndani yake. Na sisi tujiulize kila mara: hofu tuliyo nayo leo, ya jirani, ya kabila lingine, ya kesho, nani anayeizungukia ziwa ili isipate njaa?

Pengine ndiyo maana napenda zaidi mpango wa hekalu la Kom Ombo, lililojengwa ukingoni mwa Nile enzi za wafalme akina Ptolemy. Lina milango miwili na vyumba vitakatifu viwili, sambamba, chini ya paa moja. Upande mmoja ni wa Sobek, wa pili ni wa Horus mkubwa mwenye kichwa cha kipanga. Mamba alipewa nusu, na nusu hiyo ilikuwa na ukuta.

Mwanzoni mwa mwaka 1900 Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walikuwa wakichimba Tebtunis, kusini mwa Fayum, wakitafuta maandishi ya kale. Wafanyakazi wao walitarajia majeneza, wakakuta safu za mamba waliokaushwa. Mmoja alikasirika akampasua mamba, na ndani yake zikaonekana karatasi za mafunjo. Watayarishaji wa mamba walikuwa wametumia karatasi zilizotupwa na ofisi kuwafungia na kuwajazia wanyama wao. Nyingi zilikuwa za Menches, karani wa kijiji cha Kerkeosiris mwishoni mwa karne ya 2 KK. Mojawapo, ya mwaka 112 KK, inaagiza maandalizi ya mgeni mkubwa, seneta Lucius Memmius kutoka Roma, pamoja na vitafunwa vya kuwapa mamba.

Lakini barua hiyo ni moja tu kati ya nyingi. Zilizobaki zinahusu vipimo vya mashamba, aina za mazao, kodi ya nafaka, na malalamiko ya wanakijiji walioibiwa au kupigwa na wenzao. Hiyo ndiyo habari iliyonifurahisha kuliko dhahabu ya hereni. Watu walioishi na mungu wa kutisha kuliko wote, wakipita mbele ya hekalu lake kila siku, muda wao mwingi waliutumia kuhesabu ngano na kugombea mipaka ya viwanja. Walimpa Sobek sikukuu zake na makuhani wake, kisha wakarudi shambani.

Kwa hiyo somo ninalolichukua kwa Sobek halihusu ujasiri. Jasiri anayeogelea penye mamba ni mjinga tu mwenye bahati. Ninalolichukua ni kipimo: ujue kinachoweza kukuua, ukitaje kwa jina lake, ukitengee sehemu na saa, usiruhusu mtu akifanye biashara, na sehemu kubwa ya maisha yako uiandike juu ya ngano.