Goti la Kushoto

Kiharusi kilipompata baba, Machi mwaka jana, kilichukua mkono wa kulia na majina ya vitu. Mguu ulirudi baada ya miezi minne, kwa kusuasua. Mkono haukurudi. Majina yanarudi moja moja, mengine leo yapo na kesho hayapo. Anaweza kuhesabu mpaka mia bila kukwama, anaweza kusali, anaweza kumtukana dereva wa bodaboda kwa ufasaha unaomtia mama aibu. Lakini mwonyeshe kijiko umuulize ni nini, atakitazama, atacheka kidogo, atasema, "Kile."

Nasoma shahada ya umahiri katika isimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo hali hii naijua kwa jina lake: afasia. Najua kwamba mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, "tan", na kwamba ubongo wake ulipochunguzwa baada ya kifo, jeraha lilionekana upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Najua kwamba hesabu, sala na matusi mara nyingi husalimika kwa sababu huja kama mnyororo uliokwisha kukaririwa. Haya yote yamo daftarini mwangu. Hayakunisaidia siku baba aliposimama mbele ya gari, akanyoosha kidole kwenye gurudumu la kushoto, akasema, "Goti. Goti linalia."

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75, injini ya 1HZ, silinda sita, dizeli. Lina lile bomba linalopanda pembeni mwa kioo ili injini ivute hewa hata gari likiwa majini, ndiyo maana mtaani kwetu Ilala Bungoni wanaliita Mkonga, kana kwamba ni mtu wa familia. Baba alikuwa analikodisha kwa wapima ardhi na watafiti wanaokwenda Rufiji, kule ambako masika yakikolea gari dogo linabaki Kibiti. Ada yangu ya shahada ya kwanza ilitoka kwenye matope hayo. Tangu augue, kaka ndiye anayeendesha, naye gari analijua kuanzia usukani kwenda nyuma tu.

Goti ni hivi. Mbele ya gari hili kuna ekseli moja nzima, bomba nene la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kila mwisho wa bomba kuna tufe la chuma, na juu ya tufe kuna bakuli linalogeuka pamoja na tairi. Ndani ya bakuli mna jointi yenye gololi sita, inayopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Bakuli hujazwa grisi. Bomba lina oili ya difu. Kinachozitenganisha ni oili sili moja, pete ya mpira ambayo ungeweza kuifunikia kikombe cha kahawa. Pete hiyo ikifa, oili inakutana na grisi, vinakuwa supu nyeusi, supu inachuruzika nje, na jointi inabaki ikisaga vyuma kwa vyuma. Letu lilishafika huko. Ukitia fowili na kukata kona hadi mwisho, lilisema kak-kak-kak.

Dalali alikuwa amekuja mara mbili. Alitaka kulichukua "kama lilivyo", kwa bei ambayo mama aliitaja kwa kunong'ona, kana kwamba ni msiba. Gereji moja ilitaka laki nane na nusu, vipuri juu yetu. Na kulikuwa na kundi la wapima lililotaka gari baada ya siku kumi na mbili. Mama alisema tukishindwa kulitengeneza kabla ya siku hizo, dalali alichukue, kwa sababu mazoezi ya viungo ya baba hayalipwi kwa mapenzi ya gari.

Tulianza Jumamosi, chini ya mwarobaini ulio kando ya nyumba. Baba kwenye kiti cha plastiki, mimi chini kwenye gunia, jeki na magogo mawili ya mninga vikiwa vimeshikilia uzito. Yeye alikuwa na ujuzi wa miaka thelathini na mkono mmoja; mimi nilikuwa na mikono miwili. Maelekezo yalikuwa "kile", "siyo kile", "geuza", na kidole. Nati kubwa ya habu ni ya milimita 54, nayo spana yake haikai kwenye boksi la kawaida, tuliazima. Kabla ya kuigusa lazima ukunjue masikio ya washa inayoifunga. Nilipochukua nyundo, baba alitikisa kichwa, akanionyesha kipande cha shaba kwenye sanduku lake. Chuma laini hupigia chuma kigumu bila kukijeruhi. Hilo hakulisema kwa maneno. Alinishika kifundo cha mkono, akanipigisha mara mbili.

Bakuli lilipofunguka, supu ilimwagika kwenye beseni, nzito, yenye harufu ya oili iliyoungua. Juu na chini ya bakuli kuna beringi za kingipini, na chini ya vifuniko vyake kuna shimu, vipande vya bati vyembamba kama karatasi. Hapo baba akawa mkali kuliko nilivyowahi kumwona tangu hospitali. Shimu za juu zisichanganyike na za chini. Alizihesabu kwa sauti, kila rundo, moja, mbili, tatu, akanifanya nizifunge kila moja kwenye kitambaa chake. Mama alitoka jikoni kusikiliza zile hesabu. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka zilipoisha.

Jumatatu nikaenda kutafuta sili. Wanaosema Kariakoo kuna kila kitu husahau kusema kwamba lazima ujue kinaitwaje. Jina lenyewe la Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lililotafunwa mpaka likaota vokali. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kila neno limetafunwa hivyo: sili, beringi, sivii jointi. Lakini goti hakuna anayelijua. Nikaitoa sili ya zamani mfukoni. Muuzaji, kijana asiyenizidi umri, aliigeuza mara moja, akasoma namba zilizobaki ukingoni, akaniletea tatu za bei tatu. "Dada, hii ojino, hii kama ojino, hii ya kuuzia gari." Nilimwambia mchaguzi yuko nyumbani, mgonjwa. Akaniruhusu niende nazo zote, kitambulisho changu cha chuo kikabaki kwenye droo yake.

Baba alifumba macho. Akapitisha kidole gumba cha kushoto kwenye mdomo wa kila pete, akiubonyeza na kuuachia. Ile ya kuuzia gari ilikawia kurudi. Akaitupa kwenye gunia. Kati ya mbili zilizobaki alichagua ya bei ya kati. Nikarudi Gerezani kulipa.

Jointi yenyewe mpya ilikuwa nje ya uwezo wetu. Baba alichora msalaba hewani: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Ilinichukua muda kuelewa. Gololi hula njia zake upande mmoja, ule unaosukumwa gari likienda mbele. Ukizibadilisha, zinasukuma upande ambao haujaliwa. Tulifua vyuma vyote kwa mafuta ya taa, nikaishindilia grisi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili.

Kabla ya kufunga kabisa, bakuli lazima ligeuke kwa uzito fulani, si legevu, si gumu. Kipimo chake ni mizani ya ndoano. Tuliazima kwa jirani auzaye samaki, bado ina magamba. Niliitia ndoano kwenye mkono wa usukani, baba akavuta kwa kushoto, polepole, mpaka bakuli likaanza kusogea.

"Saba," akasema. Akatikisa kichwa. Nikaongeza shimu moja nyembamba, nikakaza tena. Akavuta.

"Nne na nusu." Akanirudishia mizani, akaonyesha upande wa kulia.

Siku ya kumi na moja kaka alikata kona zote za Bungoni na fowili ndani, dirisha wazi, na hatukusikia kitu ila injini. Wapima walilichukua, wakalirudisha baada ya wiki mbili likiwa na udongo wa Rufiji mpaka juu ya milango. Nilifuta tufe la kushoto kwa kitambaa. Lilikuwa na utando mwembamba tu wa grisi, kama inavyotakiwa.

Dalali akaja mara ya tatu. Mama hakukataa kuuza. Alimkaribisha chai, akamtajia bei mpya, safari hii kwa sauti ya kawaida, na dalali akaomba aongeze sukari.