Maji Maangavu, Meno ya Kahawia

Binti yetu alipong'oka meno ya utotoni, yaliyoota badala yake yalikuwa na madoa ya kahawia. Mimi na mama yake tulimkaripia kwa uvivu wa kupiga mswaki. Tulimkosea mtoto.

Tunaishi Arumeru, chini ya Mlima Meru. Maji ya bomba letu ni maangavu na hayana harufu. Kila siku tuliyachemsha, tukidhani tumetimiza wajibu wa wazazi. Nilipopeleka chupa moja maabara, niliambiwa kuwa vijidudu havikuonekana, lakini madini ya floraidi yamezidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Madini hayo hutoka katika miamba ya volkano. Kuchemsha huua vijidudu, bali floraidi haiondoki. Maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe huzidi kukolea.

Lililonichoma moyo ni hili: meno huharibika yangali ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya kwanza. Doa likionekana, wakati umekwisha pita.

Binti yangu nimemwomba radhi. Mdogo wake ana miaka miwili. Yeye hunywa na kupikiwa maji ya mvua, ambayo hayakupita katika miamba, nayo huyachemsha mama yake. Wazazi wenzangu, jicho na ulimi havitoshi kupima maji. Yapelekeni maabara kabla meno hayajaota.