Daftari la Mchora Ramani

Jumamosi, 2 Machi 2024

Wamekuja 41. Nimehesabu mara mbili, kwenye karatasi ya mahudhurio na kwenye sahani za pilau. Sahani zilizidi kwa sita. Laptopu 23, ekstensheni moja ya kuazima, na bando langu limekata saa tano asubuhi. Tumechora nyumba za vijiji viwili vya mkoa wa Mara kwa kufuata picha za setilaiti. Chumba kizima kimya, panya tu za kompyuta zinalia. Jioni wote wakauliza fulana. Picha ya pamoja imetoka vizuri, mfadhili ataipenda.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua orodha ya waliochora Jumamosi. Waliogusa ramani tena tangu siku ile ni watatu, na mmoja wao kaongeza jengo moja kisha kalifuta mwenyewe.

OpenStreetMap nzima, hii ramani ya dunia tunayoichora, tangu Steve Coast aianzishe Uingereza mwaka 2004, ina akaunti zaidi ya milioni 10, na wanaochora kwa mwezi hawafiki laki moja. Basi ugonjwa wetu ni wa dunia nzima. Lakini faraja ya aina hiyo ni sawa na kuambiwa malaria imeshika mtaa mzima.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya futari nimekaa kupekua maoni niliyowahi kuwaandikia wachoraji wapya. Nilikuwa natafuta nani wa kumwita tena, nikakuta sababu za wao kuondoka.

Kuna binti wa Mbeya, mwaka jana. Usiku mmoja peke yake alichora nyumba 212. Zote zilipinda, kuta zimelala kama vibanda vilivyopigwa na upepo. Nikamwandikia: "Majengo hayana pembe. Rudia." Maneno manne, halafu nikakirudisha kipande chake chote cha ramani kuwa hakijakubaliwa. Kumbe hakuna aliyemwambia kwamba unachagua jengo, unabonyeza Q, pembe zinanyooka zenyewe. Kazi ya sekunde moja. Akaunti yake haijachora kitu tangu usiku ule.

Na mimi nilianzaje? 2015, mwaka wa pili Chuo Kikuu Ardhi, tulipochukuliwa kwenda mitaani na mradi wa Ramani Huria. Nilichora mtaro wa maji machafu nikauita barabara. Msimamizi wangu hakufuta. Alinishika mkono tukatembea juani mpaka pale, akasimama ukingoni, akaniuliza, "Mdogo wangu, hapa inapita gari gani?" Nilicheka mpaka leo nacheka. Kesho yake nilirudi.

Nimemwandikia yule binti kumwomba radhi na kumweleza habari ya Q. Sitegemei jibu.

Jumatano, 3 Aprili

Kikao cha posho tena. Zamani ningeandika hapa kwamba anayetaka posho hana moyo wa kujitolea. Leo siandiki hivyo. Kijana anayetoka Chanika kuja mjini anapanda daladala mbili kuja na mbili kurudi, anaunga bando lake mwenyewe, na nyumbani wanamuuliza kaleta nini. Moyo wa kujitolea huwakalia vizuri walioshiba.

Ila nimeona pia upande wa pili. Mradi ukiwa na fedha, watu wanachora mpaka usiku wa manane. Fedha zikikata, mtaa wote unaachwa nusu, upande mmoja wa barabara una maduka na mwingine kama jangwa. Ramani inaonyesha kabisa mwezi gani mfadhili aliondoka.

Tumekubaliana: nauli na bando, kwa anayekuja na kwa anayechorea nyumbani vilevile. Posho hapana. Wawili wametoka bila kuaga. Sina uhakika kama tumefanya sawa.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua haikatiki. Nimekwenda Tandale kukagua majina ya vichochoro. Ndiko ilikoanzia kazi hii hapa Dar, 2011: wanafunzi na wakazi walitembea na GPS wakachora mtaa baada ya mtaa, Kwa Tumbo, Pakacha, Mkunduge, Sokoni. Mwisho wa mwaka uleule jiji likapata mafuriko.

Mjumbe wa shina, mama mtu mzima, kanikaribisha kibarazani. Shikamoo, marahaba, kiti, chai ya tangawizi. Nimemwonyesha simu, kaivuta karibu na macho.

"Hii mnamuuzia nani?"

Nikamweleza kwamba haiuzwi, leseni yake inamruhusu mtu yeyote aitumie, ilimradi aseme kaitoa wapi.

"Ya bure. Bure kwa nani, mwanangu? Mimi simu yangu ya tochi."

Nilikosa jibu. Yeye hakuningoja nilipate. Kaokota kijiti, kachora kwenye udongo mbichi chini ya upenu: maji yanaingilia hapa kwa fundi cherehani, yanazunguka choo cha msikiti, yanamfika mtu magotini hapa, kiunoni pale. Njia niliyokuwa nimeiandika kuwa inapitika, kaikatiza mara mbili kwa kijiti. Haipitiki, mwaka wa ngapi huu.

Nimeirekebisha palepale nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Kwenye orodha ya wachangiaji limeingia jina langu mimi. Nimeandika kwenye maelezo, "kwa maelekezo ya mjumbe wa shina," ndicho pekee mfumo ulichoniruhusu. Inaniudhi. Nikipata printa, nitamchapia shina lake kwenye karatasi kubwa, maandishi manene, abandike ukutani.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Tangu jana simu haitulii, wote wanaulizia vituo vya afya vya Mafia na Kilwa viko wapi kwenye ramani. Watu ambao sijawasikia tangu pilau wamechora usiku kucha bila kuitwa. Nimekagua mpaka macho yanawasha. Kila kosa nimeandika kwanza kilichofanywa vizuri, halafu kosa, halafu namna ya kulirekebisha. Inachukua muda mara tatu zaidi.

Jumapili, 19 Mei

Kati ya waliochora usiku wa kimbunga, wanane bado wapo. Wiki mbili bila kimbunga, na bado wapo.

Leo nimepanda bodaboda kutoka Manzese. Dereva kaweka simu mbele, ramani ni yetu, ile inayofanya kazi bila bando. Nikajishaua kumwambia mimi ni mmoja wa wanaoichora.

"Ahaa, ni wewe? Dada, pale kwa fundi pancha mmeandika duka la vitabu. Abiria wananishangaa."

Kosa kweli. Vidole vikaniwasha nilirekebishe mwenyewe, dakika moja limekwisha. Nikajizuia. Tumeegesha kijiweni kwao, tumemfungulia akaunti, kasahau nywila mara mbili, bando likakata, nikamrushia la kwangu. Dakika arobaini. Nauli alikuwa hanidai tena, nikamlipa kwa nguvu.

Alipomaliza fundi pancha akasema sasa anaweka kijiwe chao. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wenzake watatu wakasogea: jina gani? Mmoja anasema kijiwe kinaitwa Mwembeni. Mwingine kasema mwembe ulikatwa, wateja wote wanasema Kwa Mangi. Wa tatu anasema Mangi mwenyewe alishahama.

Nimewaacha wanabishana. Dereva wangu kashika simu juu ili mtu asimnyang'anye.