Keswick, mji wa penseli na mvua: Fyuzi ikiungua, uliza sababu

Iwapo una ndugu au rafiki anayeishi Uingereza na amekualika umzuru, huenda ukamsikia akitaja safari ya gari-nyumba. Hili ni gari lenye vitanda, jiko, friji na hata choo ndani yake. Familia husafiri nalo mchana, jioni ikaliegesha kambini na kupika humo humo bila kuhangaika kutafuta hoteli. Na kwa vile Waingereza huendesha magari upande wa kushoto wa barabara kama sisi, Mkenya hachukui muda kuzoea.

Mojawapo ya sehemu zinazopendwa na wasafiri wa aina hii ni Keswick, mji mdogo katika kaunti ya Cumbria, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo. Ukitoka Manchester, shika barabara kuu ya M6 hadi Penrith, kisha upinde kushoto kuelekea magharibi. Ni mwendo wa saa mbili au zaidi kidogo. Kusini mwa mji utaliona ziwa la Derwentwater, na kaskazini utauona mlima Skiddaw wenye urefu wa mita 931. Mbele ya Mlima Kenya wenye mita 5,199, huo ni kilima tu, lakini wenyeji huupanda kwa fahari kubwa.

Mwanafunzi anayesoma ukurasa huu ana sababu ya kuukumbuka mji huu. Katika karne ya 16, wachungaji na wachimbaji wa bonde la Borrowdale lililo karibu walipata madini meusi yaliyofaa kuwatia kondoo alama. Madini hayo ni grafiti, na ndiyo yaliyozaa penseli. Mnamo 1832 kiwanda cha penseli kilianzishwa Keswick, na leo mji una makumbusho ya penseli. Mwonye nduguyo mdogo, hata hivyo, kwamba grafiti si chuma lakini hupitisha umeme vizuri. Penseli haichokonolewi katika soketi kamwe.

Mvua isiyo na huruma

Jambo la pili ambalo Keswick inajulikana kwalo ni mvua. Kijiji cha Seathwaite, kilicho katika bonde hilo hilo la Borrowdale, hupata takriban milimita 3,500 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tatu ya mvua ya Nairobi. Katika saa 24 zilizoishia jioni ya Desemba 5, 2015, milimita 341 zilipimwa huko Honister, si mbali na hapo. Kiasi hicho hakikuwa kimewahi kupimwa nchini humo. Mto Greta ulivunja kingo na maji yakaingia katika nyumba za Keswick.

Naam, maji na umeme havipatani, na gari-nyumba huvikutanisha kila siku. Ndiyo maana msafiri wa huku hana budi kujua jinsi gari lake linavyopata stima.

Katika kambi nyingi, kila gari huegeshwa karibu na kiguzo chenye soketi ya rangi ya samawati, yenye matundu matatu ya mviringo. Waya mnene, ambao kwa kawaida una urefu wa mita 25, hutoka hapo hadi ubavuni mwa gari. Zima swichi kuu ya gari kwanza. Kisha chomeka upande wa gari, na kiguzo kiwe cha mwisho. Wakati wa kuondoka, anza kuchomoa kwenye kiguzo, ili usije ukashika ncha ya waya ulio na moto.

Ukunjue waya wote hata kama gari liko hatua tano tu kutoka kiguzoni. Waya uliozungushwa kama kamba hukusanya joto ndani yake, na ganda lake la plastiki linaweza kuyeyuka.

Hesabu ya birika

Kambi nyingine hutoa ampia 16, nyingine 10. Hapa ndipo hesabu za shuleni zinapofaa. Zidisha volti kwa ampia upate wati. Volti 230 mara ampia 10 ni wati 2,300. Birika la umeme la nyumbani aghalabu hula wati 3,000. Ukiliwasha, umeme wa kiguzo utakatika na chai itabaki ndoto. Nunua birika dogo la safari lisilozidi wati 1,000, na uzime hita kabla ya kuliwasha.

Taabu nyingine humpata msafiri akiwa nyumbani kwa mwenyeji wake, kabla ya kwenda kambini au baada ya kurudi. Hapo gari huunganishwa na soketi ya kawaida ya nyumba kwa kipande cha waya chenye plagi ya samawati upande mmoja, na upande wa pili plagi ya miguu mitatu ya mraba kama zetu. Jioni kila kitu kinafanya kazi. Asubuhi friji imenyamaza na taa haziwaki. Je, utaanzia wapi?

Kwanza, chomoa plagi ya gari kwenye soketi ya nyumba, na mahali pake chomeka taa ya mezani. Taa ikikataa kuwaka, kasoro iko katika nyumba na gari halina hatia. Mwombe mwenyeji aangalie sanduku lake la swichi.

Taa ikiwaka, igeukie plagi. Ikiwa imechomolewa, fungua kifuniko kwa bisibisi utazame ndani. Utaona kijibomba cheupe chenye vifuniko vya chuma katika ncha zake. Hiyo ndiyo fyuzi. Kwa kuwa ni ya kauri, huwezi kuona kama uzi wa ndani umekatika. Ipime kwa mita, au weka mpya ya ampia 13 yenye alama ya BS 1362.

Kabla ya kufunga, tazama nyaya tatu. Ya kahawia hushikwa upande wa fyuzi, ya samawati upande wa pili, na ile ya kijani yenye mistari ya manjano huenda kwenye mguu mrefu. Skrubu zote ziwe zimekazwa barabara. Skrubu iliyolegea huzalisha joto, na joto hilo huichosha fyuzi hata kama mzigo si mkubwa. Ukiona plastiki imegeuka rangi au kunusa harufu ya kuungua, tupa plagi hiyo ununue nyingine, na ikague soketi pia.

Fyuzi mpya nayo ikiungua, simama hapo hapo. Ama gari limebebeshwa mzigo mkubwa, ama nyaya zimegusana mahali fulani. Hita ya wati 2,000 na birika la wati 3,000 kwa pamoja huvuta karibu ampia 22. Fyuzi ya 13 haitakatika papo hapo kwa mzigo huo. Plagi itapata moto kwanza, huenda watoto wakiwa wamelala. Ikiwa mzigo ni mdogo na bado fyuzi inaungua, mwite fundi wa stima.

Aidha, usichanganye fyuzi na ile swichi ya usalama iliyo ndani ya gari, ambayo hukata umeme ukianza kuvuja, kwa mfano maji ya mvua yakiingia katika kiunganishi. Fyuzi huulinda waya usiungue. Swichi hiyo humlinda mtu. Ikikatika kila mvua inaponyesha, usiilazimishe.

Somo la kurudi nalo nyumbani

Plagi hiyo ya Waingereza, ambayo kiwango chake kilichapishwa mwaka wa 1947, ndiyo iliyo nyuma ya redio, pasi na televisheni yako hapa Kenya. Na hapa kwetu wapo wanaoizungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kuweka kipande cha waya mahali pake, kisha wakajisifu kwamba stima imerudi. Imerudi kweli, lakini mlinzi ameuawa. Waya ukizidiwa sasa, hakuna wa kuukatia umeme, na kitakachofuata ni moshi ukutani.

Fyuzi moja ni senti chache ikilinganishwa na godoro, sembuse nyumba nzima. Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Leo jioni, kabla ya kupiga pasi sare za shule, iguse plagi ya pasi yako baada ya kuichomoa. Ikiwa ni moto, mweleze baba au mama, na ifunguliwe itazamwe. Na siku utakapofika Keswick, beba fyuzi mbili, bisibisi moja, na koti la mvua.