Taa Hutupa Wapi Nuru Yake?

Msomaji, ukienda dukani kununua taa, muuzaji atakutajia nguvu yake na bei yake. Nuru yake huenda wapi, hatakuambia, na wewe pengine hutauliza. Mimi sikuuliza, na kutouliza kwangu kulikula fedha za watu.

Wazazi wa shule moja ya kijijini walichanga fedha ili watoto wao wapate taa za kusomea usiku. Wengine waliuza mahindi, wengine kuku. Nikatumwa mjini kuzinunua, kwa kuwa nalisifiwa kuwa mtu wa vitabu. Nikachagua taa ambazo makasha yake yalitaja kandela nyingi kuliko zote. Usiku wa kwanza tulipoziwasha tulipiga makofi. Chini ya kila taa palikuwa na duara la mwangaza mkali. Lakini kati ya duara na duara palikuwa kiza, na binti mmoja aliyekaa kwenye kona aliinama hata pua yake ikakaribia kugusa daftari. Majuma machache tu yalibaki kabla ya mtihani. Siku ya pili aliiacha kona yake, akawa anasoma amesimama nyuma ya wenzake.

Kosa langu lilikuwa kutotofautisha vipimo viwili. Lumeni huhesabu nuru yote itokayo katika taa. Kandela huhesabu nguvu ya nuru hiyo kwa upande mmoja tu. Taa ya lumeni 1,257 itawanyayo nuru sawasawa pande zote hutoa kandela 100 kila upande. Ikusanye nuru hiyo hiyo katika koni ya nyuzi 30, utapata kandela karibu 5,900, wala hukuongeza hata chembe. Hesabu niliyoipenda kashani ilikuwa sifa ya wembamba.

Wataalamu wana chombo cha kufichua jambo hili, nacho huitwa goniofotometa, jina litokanalo na neno la Kiyunani la pembe. Taa huwekwa katika chumba cheusi, ili kuta zisirudishe nuru isiyotakiwa. Kwa mbali huwekwa kipokea nuru, chenye kichujio kinachokifanya kizipime rangi kama jicho la mtu lizionavyo. Kisha taa hugeuzwa nyuzi chache chache, na hesabu ya kila pembe huandikwa. Ziko taa ambazo zikilazwa nuru yake hubadilika. Hizo huachwa zitulie, na kioo kikubwa kikazungushwa badala yake. Naipenda adabu hiyo ya kumzunguka anayeulizwa pasipo kumsumbua.

Chombo hicho sikuwa nacho. Nikaifuata njia ya Robert Bunsen, mwanakemia wa Ujerumani wa karne ya 19. Karatasi hutiwa doa la mafuta, ikasimamishwa kati ya taa mbili. Nuru za pande mbili zikilingana, doa karibu hutoweka. Katika ghala ya shule nilitundika mablanketi meusi, nikafunga taa juu ya ubao wenye kipimapembe cha mwanafunzi, na upande wa pili nikawasha mshumaa. Taa ilipoielekea karatasi sawasawa, doa lilitoweka kwa sentimita 20 kutoka mshumaa na 400 kutoka taa: umbali mara 20, basi nguvu mara 400. Nilipoigeuza taa nyuzi 40, zikawa sentimita 50 na 150: mara 9 tu. Rangi ya mshumaa haifanani na ya taa, kwa hiyo usizishike sana tarakimu zangu. Lakini kati ya 400 na 9 hapahitaji jicho kali.

Muuzaji alikataa kuzipokea tena. Nikasimama mbele ya mkutano wa wazazi, nikaeleza yote.

“Mwanangu,” akauliza mzee mmoja, “kwa hiyo mahindi yetu yamemulika sakafu?”

“Ndiyo, mzee.”

Hakuna aliyecheka. Nikanunua kwa fedha zangu vifuniko vya plastiki nyeupe kama maziwa, nikavifunga, nikapima tena ghalani. Kati nguvu ilishuka sana, na nuru kiasi ikapotea njiani. Lakini kwa nyuzi 40 iliongezeka mara kadhaa. Usiku ule darasa halikung'aa, wala hakuna aliyepiga makofi. Yule binti alichukua kiti chake, akakirudisha kwenye kona.